Manowari Zilizozama: Barua Zenu na Majibu Yangu

Toleo lililopita niliandika ukurasa mmoja tu kuhusu Warrior, ile manowari ya mwaka 1860 iliyowafungulia Waingereza zama za gamba la chuma. Nilidhani yameishia hapo. Barua zimekuja nyingi hadi mhariri ameniachia safu nzima ya mwezi huu, nami nimechagua tano. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa mhandisi wa meli za mizigo kwa miaka 26, na vitabu vya manowari za zama za Malkia Victoria nimevisoma zaidi katika mapumziko ya zamu kuliko nyumbani.

*Shikamoo Mzee. Nimemaliza kidato cha sita na napenda sana historia ya bahari. Niliazima kitabu kinene cha manowari za Waingereza, nikakuta majedwali ya tani, inchi na mizinga mwanzo hadi mwisho. Nilikirudisha nikiwa ukurasa wa 40. Kosa ni langu au la kitabu? Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Kosa si lako wala la kitabu. Vitabu vya namna hiyo ni kama kamusi. Ninacho mezani British Battleships cha Oscar Parkes, kilichotoka mwaka 1957, kinachoanzia na hiyo Warrior, na sijawahi kukisoma mfululizo. Nakifungua nikiwa na swali. Kwa hiyo tafuta swali kwanza, na maswali mazuri yamo kwenye ajali. Chukua meli moja tu, Captain, ukae nayo.

Captain ilikuwa ndoto ya ofisa mmoja wa jeshi la majini, Cowper Coles. Alitaka mizinga mikubwa michache ikae ndani ya kibanda cha chuma kinachozunguka, badala ya kupangwa ubavuni kwa safu kama zamani. Wazo lilikuwa zuri, na manowari za baadaye zimelirithi. Ila injini za wakati ule zilikula makaa ya mawe bila huruma, hivyo meli ya safari ndefu ilibidi ibebe milingoti na matanga pia. Sasa, mizinga ya kuzunguka inataka sitaha ya chini na iliyo wazi. Matanga yanataka ubavu mrefu wa kwenda juu. Coles alivitaka vyote katika chombo kimoja. Mbunifu mkuu wa jeshi hilo, Edward Reed, alipinga. Magazeti na wabunge wakawa upande wa Coles, naye akaruhusiwa kujengewa meli yake na kampuni ya Laird. Michoro ilisema sitaha itakuwa futi 8 juu ya maji. Meli ilipokamilika ikawa nzito kupita hesabu, na sitaha ikabaki futi 6 na nusu hivi.

Hapa nataka usimame, kwa sababu ukishalielewa jambo hili majedwali hayatakutisha tena.

Kuna kipimo nilichokishuhudia mara nyingi kazini. Meli inatulia gatini siku isiyo na upepo, kamba zake zimelegezwa. Chini shimoni unaning'iniza timazi yenye uzi mrefu, mita 5 au 6, na jiwe lake unalizamisha kwenye ndoo ya oili lisichezecheze. Nyuma ya uzi unaweka rula, imelala. Juu sitahani vijana wanasukuma vipande vya saruji kutoka ubavu huu kwenda ule, na wewe huku chini na tochi yako unautazama uzi: milimita 10, 15, 20. Chombo cha tani elfu kadhaa kimelala kidogo sana, hata mpishi jikoni hajahisi kitu. Lakini kwa milimita hizo unajua kitovu cha uzito wake kiko wapi, na ukishajua hilo unaweza kuhesabu kitalala hadi wapi kabla hakijashindwa kuinuka.

Captain ilipimwa kwa njia hiyo katika bandari ya Portsmouth, Uingereza, Julai 1870. Hesabu zilikamilika Agosti, meli imeshaondoka. Zilionyesha kwamba nguvu yake ya kujiinua ilikuwa inaongezeka mpaka ilale digrii 21, kisha inaanza kupungua. Monarch, manowari ya Reed mwenyewe, nayo ilikuwa na mizinga ya kuzunguka na matanga, lakini ubavu wake ulikuwa mrefu: nguvu yake iliendelea kupanda hadi digrii 40. Siri yote iko kwenye ukingo wa sitaha. Meli ikilala, ubavu unaozama ndio unaoisukuma irudi. Ukingo ukishaingia majini, hakuna ubavu mwingine wa kuzamisha, na hazipiti digrii nyingi kabla nguvu hiyo haijaanza kupungua.

Tarehe 6 Septemba 1870, baharini nje ya rasi ya Finisterre, Hispania, Admirali Alexander Milne alikwenda kuitembelea Captain. Alikuta upande wa demani, ulio chini ya upepo, ukifunikwa na maji, meli imelala digrii 14 hivi. Aliwaambia wenyeji wake kwamba hali kama ile hajapata kuiona katika utumishi wake wote. Jioni akarudi melini kwake. Ilipopita saa sita ya usiku huo dhoruba ikaja, Captain ikalala, na haikuinuka. Walikufa watu karibu 480. Coles alikuwa mmoja wao, na kijana wa waziri wa jeshi la majini pia. Waliookoka ni 18. Monarch ilikuwa kwenye msafara huo huo, katika dhoruba hiyo hiyo, na asubuhi ilikuwapo.

Katika hao 18 alikuwamo fundi mizinga James May. Usiku ule alishtuka usingizini akahisi meli inakwenda mrama, akachukua taa akaingia kwenye kibanda kuangalia kama mizinga imekazwa vizuri. Alikuwa bado mle ndani meli ilipolala, akajipenyeza kwenye tundu la juu ya kibanda, akajikuta baharini. Mamia ya wenzake walikuwa wamelala chini ya sitaha. Yeye aliponea kazini. Baadaye alimkuta Kapteni Hugh Burgoyne juu ya mashua iliyopinduka. Mashua nyingine nzima ikapita karibu, May na wachache wakaruka wakaingia, kapteni akabaki. Walipotaka kumnyooshea kasia alikataa, akawaambia wayatunze makasia yao kwa kuwa watayahitaji. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikatoka nje kupunga upepo.

Wazee wetu walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Kwa Captain siukubali msemo huo hata kidogo. Usukani ulikuwapo: karatasi ya hesabu, Admirali aliyeona kwa macho yake, na Reed aliyejiuzulu mwezi Julai mwaka ule ule. Mahakama ya kijeshi ilitamka bayana kwamba meli ilijengwa kwa kufuata rai ya watu iliyosemwa bungeni na kwingineko, kinyume na maoni ya wataalamu wa jeshi.

Basi utaratibu wako uwe huu. Anza na ushahidi wa mahakama yenyewe. Ulichapwa wakati ule ule, haki zake zimeshapita muda, na maktaba kubwa zimeanza kuziweka karatasi za namna hiyo kwenye intaneti. Kisha soma Warrior to Dreadnought cha D. K. Brown, kilichotoka mwaka 1997. Brown alikuwa mbunifu wa manowari kwa taaluma, na jedwali lake kila moja lina sababu ya kuwapo. Kile kitabu kinene ulichokirudisha, ukimaliza hivi viwili, utakwenda kukiazima tena mwenyewe.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesoma mahali kwamba mwaka 1893 Admirali wa Uingereza aliziamuru manowari zake mbili zigeukiane mchana kweupe, bahari shwari, zikagongana. Je, alikuwa amelewa? Au ni uzushi?*

Si uzushi, Mwalimu, na hakuna ushahidi wa ulevi. Ilikuwa tarehe 22 Juni 1893, nje ya Tripoli ya Lebanon. Admirali George Tryon alikuwa ndani ya Victoria, akiongoza safu moja. Safu ya pili iliongozwa na Camperdown, chini ya Admirali Albert Markham. Tryon aliamuru safu ziende sambamba zikiachana kebo 6, kisha meli za mbele zigeuke kwa ndani, kuelekeana, zirudi zilikotoka.

Kebo moja ni yadi 200, kwa hiyo nafasi ilikuwa yadi 1,200. Kila meli ilihitaji yadi 800 hivi kugeuka kabisa. Mtoto wa darasa la nne atakuambia 800 na 800 ni 1,600. Na Tryon hakuwa mjinga. Katika uendeshaji wa meli za kivita alihesabiwa bingwa wa jeshi lake.

Nilikipata kitabu cha Richard Hough, Admirals in Collision, cha mwaka 1959, kwenye droo ya chumba cha kulia cha meli niliyokuwa nikifanyia kazi. Kilikuwa kimevimba kwa unyevu. Aliyekisoma kabla yangu alikuwa amechora kwa penseli, nyuma ya jalada, duara mbili zinazoingiliana, na mahali zilipoingiliana amepakoleza mpaka karatasi imetoboka. Nilijua nimepata ndugu.

Kinachonisumbua katika habari ile si hesabu. Ni watu waliokuwa na hesabu hiyo kichwani. Ofisa wa mwelekeo wa Victoria, Hawkins-Smith, alisema kebo 6 hazitoshi. Tryon akakubali ziwe 8. Muda si mrefu amri ikatoka: 6. Msaidizi wake akarudi kumuuliza kama hakukosea, akaambiwa ibaki 6. Kwenye Camperdown, Markham alisita kujibu ishara kwa sababu hakuielewa, na Tryon akampelekea nyingine, mbele ya msafara mzima, kumuuliza anangoja nini. Markham akatii. Kapteni wa Victoria, Maurice Bourke, aliona meli zinakaribiana, akaomba ruhusa ya kurudisha injini nyuma zaidi ya mara moja kabla hajaipata.

Pembe ya chuma ya Camperdown iliingia ubavuni mwa Victoria chini ya maji, na baada ya dakika 13 hivi manowari ile ikapinduka ikazama. Watu 358 walikufa. Tryon alibaki kwenye daraja, na Hawkins-Smith alimsikia akisema kosa lote ni lake. Kati ya waliookoka ni John Jellicoe, aliyetoka kitandani akiwa na homa. Mwaka 1916 ndiye aliyeongoza manowari za Uingereza katika vita vya baharini vya Jutland, dhidi ya Wajerumani. Ukitaka kujua jinsi utii ule wa 1893 ulivyofika hadi Jutland, soma The Rules of the Game cha Andrew Gordon, cha mwaka 1996. Ni kirefu, na sura za Tryon zimo katikati, usizirukie. Huyo Tryon, ambaye wasaidizi wake walimwogopa kiasi hicho, ndiye aliyekuwa akihimiza makapteni watumie akili zao bila kungoja kila ishara. Nimesoma maelezo mengi ya kosa lake: kwamba alichanganya upana wa mzunguko na nusu yake, kwamba alikusudia meli moja ipite nje ya nyingine. Mimi naona la kwanza ndilo lenye uzito, kwa kuwa ni kosa ambalo mtu hodari hulifanya akiwa na haraka na hakuna wa kumkatalia.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuwa Markham. Nikiwa mhandisi wa tatu, mkuu wangu aliagiza nifungue vali fulani. Nilijua siyo. Yeye alikuwa na miaka 30 baharini, mimi miwili. Nilifungua. Maji ya bahari yaliingia kwenye stoo ya mizigo, yakaharibu magunia ya unga ya watu ambao sikuwahi kuwaona. Tangu siku hiyo, kila ninaposoma habari za Victoria naanza na Hawkins-Smith, yule aliyesema mara moja akanyamaza.

Mabaki ya Victoria yaligunduliwa mwaka 2004, kina cha mita 150 hivi. Imesimama wima, omo limezama kwenye tope, tezi liko juu, mapanga ya kusukumia yakitazama mbinguni.

*Kaka, hii desturi ya "wanawake na watoto kwanza" ni sheria ya bahari? Mume wangu anasisitiza kwamba ni sheria na ilianzia kwenye Titanic.*

Dada, mwambie shemeji si sheria, na ni ya kabla ya Titanic kwa miaka 60. Inahusishwa zaidi na Birkenhead, meli ya chuma iliyosukumwa na magurudumu ya pembeni, iliyokusudiwa kuwa manowari ikaishia kubeba askari. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 1852 iligonga mwamba ambao haukuwa kwenye ramani, karibu na Danger Point, Afrika Kusini. Ilikuwa na watu zaidi ya 600, na mashua tatu tu ndizo zilizoshushwa salama. Wanawake na watoto walipakiwa humo, wakaokoka wote. Askari waliambiwa wasizikimbilie mashua zisije zikazama, nao wakabaki kwenye sitaha, wengi wao vijana wasio na miaka mingi jeshini. Waliookoka kwa jumla ni 193. Farasi walitoswa baharini waogelee, na karibu wote walifika nchi kavu.

Vitabu vingi vinaishia kwenye ushujaa huo. Tafuta kile kitakachokueleza pia juu ya kuta za ndani ya meli. Zilijengwa ili maji yakiingia chumba kimoja yasiende cha pili, kisha zikatobolewa milango ili askari wapate nafasi. Meli ilipogonga, kapteni aliamuru injini zirudi nyuma, mwamba ukaipasua zaidi. Wale vijana walisimama kwa nidhamu juu ya meli ambayo wenzao wa nchi kavu walikuwa wameitoboa kuta.

*Kuna manowari ya zama hizo ambayo bado mtu anaweza kuipanda?*

Ipo Warrior, Portsmouth, tangu 1987. Kabla ya kukarabatiwa ilikaa miaka mingi Wales ikitumika kama gati la mafuta, na hilo ndilo lililoiokoa isikatwe vyuma chakavu. Gusa ubavu wake: chuma cha inchi 4 na nusu, nyuma yake mbao za msaji inchi 18. Chatham nako iko Gannet, ndogo, ya mwaka 1878.

*Mzee wangu, kwa heshima zote. Naisoma safu yako kila mwezi, lakini hapa sikuelewi. Meli hizi ndizo zilizotupiga mizinga. Kwa nini tuwalilie waliozama nazo?*

Mwanangu, swali lako ni zito na limenikesha. Sitaki uzilie manowari. Neno lenyewe, manowari, tumelitoa kinywani mwao, na halikuingia katika lugha yetu kwa amani. Ninachotaka ni uzisome, na usome za upande huu pia.

Anza na London. Ilikuwa meli ya mbao ya mizinga 90, ya mwaka 1840. Mwaka 1874 ililetwa Unguja iwe kituo cha mashua zilizowinda majahazi ya watumwa, na ikakaa hapo miaka 10. Kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa Desemba 1881 karibu na Pemba akipambana na jahazi la watumwa. Aliyepata kuiongoza kabla yake, George Sulivan, aliandika kitabu mwaka 1873, Dhow Chasing in Zanzibar Waters, cha kumbukumbu zake za uwindaji huo. Kisome ukiwa na penseli. Kina huruma ya kweli kwa waliotekwa, na naamini aliyoyaandika kuhusu hali zao. Lakini kumbuka kwamba mabaharia walilipwa zawadi kwa kila jahazi lililohukumiwa, hesabu ikifuata idadi ya watumwa au tani za chombo, na yapo majahazi ya biashara halali yaliyochomwa moto. Kila Sulivan anapoliita jahazi la watumwa, jiulize nahodha wake angesema nini mbele ya mahakama.

Kisha isome Glasgow. Tufani ya 1872 iliangamiza meli za Sultani Barghash. Akaagiza nyingine kwa kampuni ya Denny, Dumbarton, Scotland, iliyokamilika mwaka 1878: milingoti mitatu, mifupa ya chuma, gamba la msaji. Tarehe 27 Agosti 1896, Barghash ameshafariki na mwanawe Khalid yumo ndani ya jumba la kifalme la Unguja, amejitawaza bila ridhaa ya Waingereza, Admirali Harry Rawson alilifyatulia jumba hilo mizinga. Glasgow ikajibu. Ilikuwa na mizinga midogo. Iliyokuwa ikiilenga ni St George, manowari ya chuma yenye ukubwa mara kadhaa. Mabaharia wake walipoona inazama walipandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu amri, na mashua za Waingereza zikawaokoa. Mizinga yote ilinyamaza kabla dakika 60 hazijatimia. Watu wapatao 500 upande wa jumba walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Vitabu vingi vya manowari za zama za Malkia Victoria vinaipa Glasgow sentensi moja, na mara nyingi kwa kuchekesha, ati vita vifupi kuliko vyote. Mimi ninaiweka karibu na Captain. Nayo ilikuwa na watu waliopanda juu yake wakijua hesabu haiko upande wao.

Maji ya pale hayakuwa na kina cha kuifunika yote. Ilivunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Ukikutana na picha ya bandari ya Unguja iliyopigwa kati ya miaka hiyo, angalia majini mbele ya mji: ile milingoti mitatu isiyo na meli ndiyo yenyewe.